Je, ni uji uliomleta mtoto darasani? Mwongozo kamili wa kupima athari za sera za elimu

Kila bajeti inaposomwa, shule na vituo vya chekechea vya Mombasa huahidiwa kitu: uji, vitabu, vishikwambi, basari, walimu wa mkataba. Mwaka ukiisha hutoka ripoti yenye picha nzuri. Mahudhurio yamepanda, alama zimepanda, sera imefaulu. Ripoti hizo mimi huzisoma, na nyingi hunikatisha tamaa mahali pamoja: hazisemi wale watoto wangekuwa wapi leo kama sera isingekuwepo. Bila jibu la swali hilo hakuna athari iliyopimwa. Kuna mambo mawili tu yaliyotokea katika mwaka mmoja.

Mwongozo huu ni wa afisa wa elimu, mwalimu mkuu, mfanyakazi wa shirika au mwanafunzi wa chuo kikuu anayetaka kulijibu swali hilo kwa haki. Nitatembea na mfano mmoja. Tuseme kaunti inataka kuwapa uji wa saa nne asubuhi watoto wa vituo vyake vya chekechea, na inataka kujua kama uji huo unawafanya waje zaidi na wajifunze zaidi. Nimechagua chekechea kwa sababu Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti, kwa hiyo uamuzi unaweza kufanywa papa hapa Mombasa. Nambari nitakazoziita za mfano ni za kufundishia tu. Tafiti nitakazozitaja ni za kweli.

Kwanza, kisa cha chati

Watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer, Sylvie Moulin na Eric Zitzewitz walichunguza chati kubwa za kufundishia katika shule za mashambani hapa Kenya, zile zinazosimamishwa mbele ya darasa na kufunuliwa ukurasa baada ya ukurasa. Walipolinganisha shule zilizokuwa nazo na zisizokuwa nazo, chati zilionekana dawa: alama zilikuwa juu kwa hadi asilimia 20 ya mchepuko sanifu, yaani kile kipimo cha jinsi alama za wanafunzi zinavyotawanyika kuzunguka wastani. Hata walipozingatia vifaa vingine vya shule, faida haikupungua.

Kisha wakachukua shule 178, nusu wakazipa chati kwa bahati nasibu. Safari hii hawakuona faida yoyote.

Matokeo hayo yalichapishwa 2004, na mimi huwasimulia watu kabla sijafungua daftari la hesabu. Shule inayojitafutia chati mara nyingi ina mengine pia: mwalimu mkuu mchangamfu, wazazi wanaofuatilia, bodi inayokutana. Ukilinganisha shule hiyo na jirani yake isiyo na chati, unalinganisha kichuguu na mlima, halafu unasema chati ndiyo iliyoinua mlima.

Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

Sentensi hiyo itaje sera, watoto, matokeo na muda. Kwa mfano: "Uji unaotolewa kila siku ya shule kwa mwaka mmoja unaongeza kwa kiasi gani mahudhurio na uwezo wa kutambua sauti za herufi kwa watoto wa miaka minne na mitano katika vituo vya umma vya Mombasa, ikilinganishwa na hali yao kama uji usingekuwepo?"

Kile kipande cha mwisho ndicho watu wengi hukiacha. Kiandike, kisha kisome mbele ya wenzako. Mtu akiuliza "hali hiyo tutaionaje?", mmeanza kazi.

Hatua ya 2: Fuata uji kutoka sufuriani hadi daftarini

Kaa na mwalimu na mpishi, mchore njia nzima. Unga unanunuliwa, unafika, unapikwa, mtoto anakunywa, mtoto anakuja kesho yake, mwalimu anafundisha, mtoto anajua herufi. Kila kiungo kinaweza kukatika, na ukikijua mapema utakipima.

Hili si jambo la nadharia. Christel Vermeersch na Michael Kremer walipima kifungua kinywa katika shule 50 za chekechea magharibi mwa Kenya, 25 kati yake zikipewa chakula kwa bahati nasibu. Mahudhurio yalipanda kwa takriban asilimia 30. Lakini alama zilipanda tu pale ambapo mwalimu alikuwa na ujuzi wa kutosha. Upishi na ugawaji vilikula muda wa kufundisha, na shule zenye chakula ziliongeza ada kwa sababu wazazi walizikimbilia. Anayepima alama peke yake angesema chakula hakina maana, na anayepima mahudhurio peke yake angesema kila kitu ni shwari. Kwa hiyo katika mfano wetu, pamoja na mahudhurio na herufi, pima dakika za masomo kati ya saa tatu na saa tano, na michango wanayotozwa wazazi.

Hatua ya 3: Tafuta wa kulinganisha naye

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Ukikosea hapa, programu ya kompyuta ya bei yoyote haitakuokoa.

Kwanza ondoa mtego wa kabla na baada. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Wengi walioingia ni watoto ambao umaskini uliwazuia. Wastani wa alama unaweza kushuka katika hali kama hiyo bila mtoto hata mmoja kujua kidogo kuliko awali, kwa sababu waliohesabiwa si wale wale. Zaidi ya hapo, shule zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya Korona na hazikufunguliwa kwa wote hadi Januari 2021. Na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023, baada ya hapo mitihani ikawa mingine kabisa. Ulinganisho wa kabla na baada unaoruka juu ya mabonde hayo hausemi lolote kuhusu sera yako.

Njia iliyo safi kuliko zote ni kura. Tuseme kuna pesa za vituo 30 mwaka huu na 30 vingine mwaka ujao. Chukua vikapu sita, kimoja kwa kila kaunti ndogo: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Weka majina ya vituo kumi katika kila kikapu. Waalike walimu wenyewe waje wachote vitano vitano mbele ya watu wote. Waliochotwa waanze mwaka huu, waliobaki waanze mwakani. Kwa mwaka mmoja una makundi mawili ambayo hayatofautiani kwa chochote isipokuwa bahati.

Wako watakaosema ni dhulma kumnyima mtoto uji kwa kura. Nalichukulia jambo hilo kwa uzito, maana nimewaona watoto wanaolala mezani saa nne kwa njaa. Lakini pesa za vituo 60 hazipo mwaka huu. Mtu atachagua tu, kwa simu au kwa kujuana. Kura ya hadharani ni haki zaidi kuliko simu, na inatuachia jibu. Mahali pesa zinapowatosha watoto wote tangu siku ya kwanza, usipige kura. Tumia njia nyingine.

Njia ya pili ni mstari wa kukatia. Inafaa kwa basari. Kamati ikiwapa waombaji alama za uhitaji na wote wenye 70 kwenda juu wakapata, basi aliyepata 70 na aliyepata 69 ni mtu na nduguye. Linganisha waliopita kwenye tundu la sindano na waliokosa kidogo tu. Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walifanya hivyo kwa shule za sekondari za kitaifa, zilizokuwa zikichukua wanafunzi kwa alama za KCPE. Hawakupata ushahidi wa maana kwamba shule hizo zenyewe ndizo zilizoinua matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya wale walioingia chupuchupu. Mzazi wa Mombasa anayeuza dhahabu ya harusi ili mwanawe aende shule ya kitaifa anastahili kuujua utafiti huo. Ila kabla ya kuiamini njia hii, chora mchoro wa alama zote za waombaji. Ukiona watu wamerundikana kwenye 70 na 71 na nafasi ya 68 na 69 ni tupu, jua alama zilisukumwa, na mstari wako hauna thamani.

Njia ya tatu ni tofauti ya tofauti. Itumie sera ikiwa imeshaanza bila kura. Chukua nambari za mfano: Likoni ilipata uji na mahudhurio yakatoka asilimia 62 hadi 74. Changamwe haikupata, yakatoka 65 hadi 71. Likoni imepanda kwa 12, lakini Changamwe imepanda kwa 6 bila uji wowote. Athari unayoweza kudai ni 6. Dai hilo linasimama kwa sharti moja: bila uji, Likoni ingepanda sawa na Changamwe. Huwezi kulithibitisha kikamilifu, lakini unaweza kulipima kwa kutazama miaka mitatu minne ya nyuma. Kama mistari miwili ilikuwa ikienda sambamba, una tumaini. Kama Likoni ilikuwa tayari inapaa kabla ya uji, acha.

Kwa njia yoyote utakayoshika, angalia uvujaji. Mama wa Likoni akisikia kituo cha mtaa wa pili kinatoa uji, atamhamisha mtoto kabla ya Ijumaa. Edward Miguel na Michael Kremer walipopima dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, magharibi mwa Kenya, kuanzia 1998, waligundua kwamba hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa kuwa minyoo ilipungua mtaani. Utoro ulipungua kwa takriban robo. Wangelinganisha mtoto na mtoto ndani ya shule moja, faida hiyo ingefichika. Ndiyo maana kura yetu ni ya vituo, si ya watoto, na vituo viwili vinavyotazamana ni bora vihesabiwe kama kimoja wakati wa kura.

Hatua ya 4: Vituo vingapi?

Watu husema "nina watoto 1,200, inatosha". Watoto wa kituo kimoja wana mwalimu mmoja, mtaa mmoja, mvua moja. Hawakupi habari 1,200 tofauti. Kuna hesabu fupi: chukua idadi ya watoto kwa kila kituo, toa moja, zidisha kwa kiwango cha kufanana kwao, ongeza moja. Kisha gawa jumla ya watoto kwa jibu hilo.

Kiwango hicho huwa kati ya 0, watoto wa kituo kimoja wasipofanana kuliko watoto wengine, na 1, wakifanana kabisa. Tuseme ni 0.2. Ukiwa na vituo 30 vya watoto 40, unapata 39 mara 0.2, jumlisha moja, sawa na 8.8. Watoto wako 1,200 wana uzito wa watoto 136. Ukichukua vituo 60 vya watoto 20, unapata 4.8, na wale wale 1,200 wana uzito wa 250. Nauli ya tuktuk inaongezeka, ndiyo. Lakini ongeza vituo kabla hujaongeza watoto, kila mara.

Hatua ya 5: Pima kwa macho yako

Niliwahi kuingia kituo kimoja asubuhi bila taarifa. Rejista ilikuwa imejazwa vizuri kwa penseli: watoto 41 wapo. Nikahesabu vichwa mara mbili, kwenye mikeka na nje chini ya mwarobaini. Walikuwa 29. Mwalimu, mama wa makamo, hakukasirika. Akanivuta pembeni: "Mwanangu, nikiandika 29, mwezi ujao unga utaletwa wa 29. Na wale 12 wakija siku hiyo, nitawaambia nini?"

Hakuwa mwizi. Rejista ilikuwa imegeuka kuwa fomu ya kuombea unga, na tangu hapo haikuweza tena kuwa kipimo. Na tazama hatari yake: vituo vyenye uji ndivyo vyenye sababu ya kuandika watoto hewa. Ukitegemea rejista, uji utaonekana umefaulu hata kama hakuna mtoto aliyeongezeka. Kwa hiyo fanya ziara za ghafla, angalau mara moja kwa mwezi, vituo vya pande zote mbili, siku tofauti za wiki. Hesabu vichwa, ita majina, andika saa. Mhesabu asiwe mtu anayeleta unga.

Zingatia kalenda ya Pwani. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo muhula wa kwanza wa mwaka huu si sawa na wa mwaka mwingine. Aprili hadi Juni mvua hukata njia za mitaani, na hoteli nyingi hupunguza wafanyakazi, jambo linalogusa karo na nauli. Dawa yake ni kuwapima wote wiki zile zile.

Kuhusu kujifunza, mpime mtoto mmoja mmoja, kando ya wenzake, kwa kazi anazoziweza: ataje sauti za herufi, ahesabu vifuniko vya soda, arudie hadithi fupi. Tumia Kiswahili, lugha inayosikika majumbani mwa wengi hapa. Lugha si jambo dogo. Kremer na wenzake walipogawa vitabu vya kiada Busia, wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa mbele tayari. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa watoto wengi.

Jaribu maswali yako kwanza kwenye kituo ambacho hakimo katika kura. Siku mbili zinatosha kukuonyesha swali lipi halieleweki.

Hatua ya 6: Vibali na ahadi

Omba kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, na idhini ya kamati ya maadili, kisha jitambulishe kwa ofisi ya elimu ya kaunti na ya kaunti ndogo. Wazazi waelezwe kwa mdomo, kwa Kiswahili, na waweze kukataa bila mtoto kunyimwa chochote. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakubana: majina yakae mbali na alama, kila mtoto awe na nambari yake.

Halafu, kabla hujaona matokeo, andika ukurasa mmoja: matokeo makuu mawili ni yapi, utayahesabu vipi, utawatenga watoto gani. Utie tarehe, umpe mtu wa nje auhifadhi. Ukipima mambo 20 ambayo sera haiyagusi kabisa, kwa kawaida moja litaonekana "limebadilika" kwa bahati tu. Ukurasa ule unakuzuia kulichukua hilo moja na kulifanya kichwa cha habari.

Hatua ya 7: Usiwapoteze watoto

Watoto wa Mombasa huhama. Kodi inapanda, familia inavuka feri kwenda Kwale. Mama anapata kazi Mtwapa. Bibi anaumwa, mtoto anapelekwa Kilifi. Ukiwapima mwishoni waliobaki tu, unapima kundi jingine. Na uji unaweza kuwafanya wanyonge zaidi wabaki. Hapo wastani wa kituo chenye uji utashuka kwa sababu ya jambo jema.

Siku ya kwanza chukua nambari za simu tatu: ya mzazi, ya jirani, na ya ndugu asiyekaa nyumba moja nao. Uliza pia jina la chuo anachosoma Qur'ani au kanisa wanalosali, maana huko watajua walikohamia. Mwishoni, wafuate waliohama. Huwezi kuwapata wote? Chagua baadhi yao kwa kura na uwatafute hao kwa nguvu zako zote.

Hatua ya 8: Hesabu

Kwa kuwa ulipiga kura, hesabu ni nyepesi. Wastani wa vituo vilivyochotwa, toa wastani wa vituo ambavyo havikuchotwa. Ukitumia rigresheni, yaani hesabu inayolinganisha makundi huku ikizingatia mambo mengine, weka alama za mwanzo na kaunti ndogo, na uiambie programu kwamba watoto wamo ndani ya vituo. Kituo kilichochotwa kikakosa sufuria muhula mzima hubaki upande wa uji. Usikihamishe. Sera ni pamoja na sufuria zisizofika.

Toa jibu pamoja na mipaka yake. "Mahudhurio yamepanda kwa 6, na huenda ni kati ya 2 na 10" ni sentensi ya kweli zaidi kuliko "yamepanda kwa 6". Weka gharama kando yake: shilingi ngapi kwa kila siku moja ya ziada ambayo mtoto mmoja amekuja.

Hatua ya 9: Kabla ya kusema "tueneze kaunti nzima"

Uliza nani alipika. Tessa Bold, Mwangi Kimenyi, Germano Mwabu, Alice Ng'ang'a na Justin Sandefur walipima walimu wa mkataba Kenya. Palipoendeshwa na shirika, alama zilipanda. Palipoendeshwa na serikali, hazikupanda. Ikiwa kaunti ndiyo itakayonunua unga, basi unga wa majaribio nao ununuliwe na kaunti, kwa zabuni ile ile na ucheleweshaji ule ule.

Uliza pia kama umepima kitu sahihi. Jirani zetu wa Kwale walikuwa na mradi wa HALI, wa afya na usomaji, katika shule 101. Kuwapima watoto malaria na kuwatibu kila muhula hakukuonyesha faida ya afya wala ya masomo. Mafunzo ya walimu wa kusoma, yakifuatwa na ujumbe wa simu wa kuwakumbusha, yaliinua usomaji. Matokeo yote mawili yalichapishwa, na lile la kwanza lina faida kwetu sawa na la pili. Jibu la "hakuna athari" lipelekwe kwa walimu, wazazi na wawakilishi wa wadi kwa sauti ile ile ambayo lingepelekewa jibu zuri. Nenda nalo kituoni, umwonyeshe mwalimu nambari zake, umwache aeleze.

Kisha hifadhi orodha ya kura, nambari za watoto na simu zile tatu mahali salama penye ufunguo. Watoto wa Busia hawakuonyesha alama bora baada ya dawa za minyoo, na wengi wangefunga faili hapo. Watafiti waliendelea kuwatafuta kwa miaka 20. Waliopata miaka miwili mitatu ya ziada ya dawa walikuja kuwa na matumizi ya juu kwa asilimia 14 na mapato ya kila saa ya juu kwa asilimia 13. Habari hiyo ilipatikana kwa sababu mtu fulani hakuitupa orodha ya 1998.